Chora kwanza umbo la epsiloni sifuri

Anayeanza kusoma mifumo dinamiki yenye kasi mbili, ambamo kigeu kimoja hukimbia na kingine hujikokota kwa sababu ya parameta ndogo ε, hushawishika kuanza na mfululizo mrefu wa makadirio. Kwa uzoefu wangu, ni heri kuchora kwanza umbo la mfumo pale ε inapokuwa sifuri, kisha kuuzingira mwendo kwa eneo na kukagua mipaka ya eneo hilo.

Chukua mfumo wa mwanafizikia Mholanzi van der Pol, ambaye mwaka 1926 aliandika juu ya mitetemo ya aina hii: εx′ = y + x − x³/3, na y′ = −x. Ukiweka ε = 0, unabaki na mchirizo y = x³/3 − x, ambao hukunjika palipo na x = 1 na x = −1. Mwendo huteremka polepole kwenye tawi la kulia kutoka x = 2 hadi x = 1, ukaruka ghafla hadi x = −2, kisha ukapanda tawi la kushoto.

Sasa lizungushie tawi la kulia kisanduku, na hapa usiwe na haraka, kwa kuwa ndipo penye kiini cha jambo. Kwenye kuta za pembeni mwendo wa kasi huingia ndani, lakini ncha za juu na chini hulikata tawi lenyewe, na kwa ε = 0, ukipima kwa saa ya kigeu cha kasi, y haisogei na kila nukta ya tawi imetulia tuli, hata zile zilizo kwenye ncha zenyewe, hivyo kisanduku hakijautenga mwendo wowote. ε ikizidi sifuri, hata kidogo sana, y′ = −x huwa hasi kote humo: juu ni mlango wa kuingilia, chini ni wa kutokea. Mwanahisabati Charles Conley aliliona hili, na katika makala yake ya 1980 alifundisha kuamua milango hiyo kwa kutazama mwendo wa polepole peke yake.

Ukiunganisha visanduku na njia za mruko, unapata pete ambayo mwendo hauwezi kuitoka, na nadharia ya Poincaré na Bendixson, inayohusu mwendo ulionaswa katika eneo la bapa lisilo na nukta tulivu, inathibitisha kuwa mna mzunguko ndani yake. Napenda njia hii kwa sababu haikwami kwenye mikunjo, mahali ambapo masharti ya mwanahisabati Fenichel ya 1979, yanayodai tawi liuvute au kuusukuma mwendo wa kasi bila kulegea, huvunjika. Hata hivyo haikuambii kama mzunguko ni mmoja tu. Kwa swali hilo rudi kwa Fenichel kwenye matawi, na kwenye mikunjo tumia mbinu ya kuikuza nukta ya mkunjo, yaani kuitanua ili mwendo ulio karibu nayo uonekane wazi, waliyoieleza wanahisabati Krupa na Szmolyan mwaka 2001.