Nyimbo kumi za jazi unazozijua kweli zitakupa kazi

Vijana wanaopiga kinanda kanisani hapa Kisumu huniuliza swali lilelile: nikitaka kuanza kupiga jazi hotelini au kwenye harusi, ninahitaji nyimbo ngapi? Nawajibu kumi. Wengi hawaniamini, kwa sababu kwenye simu zao wameshapakua vitabu vyenye mamia ya nyimbo, na kila jioni wanajaribu mpya. Lakini kumi ninazozisema ni zile ambazo stima ikipotea, karatasi ikipeperuka, au mwimbaji akikunong'oneza "nishushie kidogo, iko juu sana", wewe bado unapiga. Wimbo haufiki hapo kwa wiki moja. Mimi ni mhasibu Jumatatu hadi Ijumaa na kinanda changu ni cha jioni na wikendi, kwa hiyo ninamwandikia mtu mwenye saa moja kwa siku, aliyechoka, na anayeupenda muziki huu kiasi cha kuketi nao hivyo hivyo.

Tuhesabu kwanza, maana hesabu ndiyo inayowatuliza wengi. Nyimbo nyingi za jazi zina vipimo 32, kila kipimo mapigo manne. Kwa mwendo wa wastani wa mapigo 120 kwa dakika, mzunguko mmoja wa wimbo unachukua kama dakika moja na sekunde nne. Piga melodi mara moja, zunguka mara tatu ukibuni yako juu ya kordi zilezile (kordi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), kisha urudie melodi: hizo ni dakika tano na kitu. Nyimbo kumi zinakaribia saa nzima. Hoteli nyingi zinataka upige vipindi viwili vya dakika 45 na mapumziko katikati. Kipindi cha pili unaweza kurudia sita au saba kwa mdundo tofauti, ule uliopigwa polepole sasa uende kwa bosanova, mdundo wa Brazili, na watu waliokuja kula samaki na kupiga gumzo watafurahia tu.

Sasa, kuujua wimbo ni nini? Nianze na kitufe cha transpozi, kwa sababu ndicho kinachotutenganisha na jazi kuliko kitu kingine chochote. Kanisani mtu anaanzisha pambio kwa sauti yoyote iliyomjia, nawe unabonyeza kitufe mpaka sauti zilingane, vidole vikibaki palepale kwenye C. Ibada inaendelea na hakuna ubaya wowote. Lakini ukikaa na mpiga besi, yeye husoma mikono yako. Akikuona uko C huku spika inatoa E bemoli, umemwacha gizani. Na masikio yako mwenyewe hayajifunzi kitu, kwa sababu kila ufunguo duniani, yaani kila mahali do inapoweza kukaa, kwako una sura moja. Wapiga saksafoni na tarumbeta wanapenda F, B bemoli na E bemoli, waimbaji wa kike mara nyingi wanataka mahali pengine kabisa. Kwa hiyo mazoezi ya jazi yawe na transpozi kwenye sifuri, siku zote. Jumapili utakitumia ukihitaji.

Utahamaje ufunguo bila kitufe? Hapa ndipo sisi tuliopitia kwaya tuna mtaji mkubwa ambao hatuutumii. Kwaya zetu nyingi, za kanisani na za mashuleni, zimefundishwa kwa do-re-mi, zile karatasi zilizojaa herufi d, r, m, f na nukta mbili katikati. Do-re-mi haijali uko ufunguo gani. Ni namba zilizopewa majina, na jazi inafikiriwa kwa namba.

Chukua mwendo wa kordi unaojitokeza katika jazi kuliko wowote: kordi ya re, kisha ya so, kisha ya do. Ndio ule wanaoandika kwa namba za Kirumi kama ii, V, I. Kordi ya re ina re, fa, la, do. Kordi ya so ina so, ti, re, fa. Kordi ya do ina do, mi, so, ti. Usizipige zote. Mkono wa kushoto upige mzizi peke yake, yaani sauti iliyoipa kordi jina, na mkono wa kulia upige sauti mbili tu, ile ya tatu na ile ya saba ukihesabu ngazi kuanzia mzizi, kwa sababu hizo ndizo zinazoitambulisha kordi. Kwenye re, utashika fa na do. Ukienda so, fa inabaki palepale na do inashuka nusu hatua hadi ti. Ukienda do, ti inabaki na fa inashuka nusu hatua hadi mi. Yaani kila mara kidole kimoja kinakaa na kingine kinateleza. Piga polepole sana ukiimba majina kwa sauti. Ukilisikia lile teleza la do kwenda ti, utaanza kulisikia kila mahali, hata redioni ukiwa ndani ya matatu.

Kisha uhame. Do iwe F, rudia. Do iwe B bemoli, rudia. Shuka hivyo kwa hatua za tano mpaka uzimalize funguo zote 12 na urudi C. Funguo mbili kwa jioni zinatosha, mradi usiongeze ya tatu kabla vidole havijaacha kusita.

Wimbo wa kwanza ninaompa kila mtu ni Autumn Leaves. Uliandikwa Ufaransa mwaka 1945 na Joseph Kosma, mzaliwa wa Hungaria, na Wamarekani wakaupokea baadaye wakauwekea maneno yao. Sababu yangu ya kuuchagua si umaarufu wake. Vipimo vyake vinane vya mwanzo vinapita kwenye kordi za re, so, do, fa, ti, mi, la, zote saba za ngazi, kila moja mara moja. Ukiendeleza lile zoezi la vidole viwili, utaona unateremka ngazi polepole, sauti moja ikikaa na nyingine ikishuka, mpaka ufike mi. Hapo kuna jambo moja la kuangalia: kordi ya mi inataka so iliyopandishwa nusu hatua, na hiyo ndiyo inayoleta lile huzuniko kabla ya kutua kwenye la. Mtu akiumudu wimbo huu katika funguo tatu, nyimbo nyingine nyingi zitamfungukia, kwa sababu zimejengwa kwa vipande vilevile vilivyopangwa upya.

Baada ya huo, jifunze bluzi ya vipimo 12. Vipimo vinne vya do, viwili vya fa, viwili vya do, kimoja cha so, kimoja cha fa, viwili vya do. Mpiga gitaa yeyote ataingia bila mazoezi. Halafu So What ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwaka 1959, kwa kuwa ina ngazi mbili tu: vipimo 16 vya kwanza kwenye D, vinane nusu hatua juu yake, vinane vya kurudi. Kordi hazikusumbui, kwa hiyo huna pa kujificha. Lazima ujifunze kusema kitu kwa melodi. Ongeza Summertime, kwa sababu waimbaji wanaijua. Ongeza moja ya bosanova. Ongeza Malaika, kwa kordi zenye saba ndani yake, polepole, na utaona meza nzima inaanza kuimba. Zilizobaki chagua mwenyewe, lakini chagua unazozipenda kiasi cha kuziimba bafuni.

Kuziimba nasema kwa dhati. Kabla hujaugusa wimbo kwa vidole, uimbe na maneno yake, hata kama sauti yako ni ya kwenye choo tu. Msikilize mwimbaji wa jazi kama Ella Fitzgerald au Nat King Cole akiuimba, umfuate pumzi kwa pumzi. Anayejua maneno hapotei katikati ya wimbo, na anajua pa kunyamaza. Wapigaji wetu wengi hujaza kila upenyo kwa sababu kanisani tumezoea kumfunika mhubiri kwa muziki mwororo asipate kimya. Jazi inataka kimya. Piga sentensi moja, inua mikono, isikilize ikiisha, ndipo ujibu.

Programu ya iReal Pro itakupa besi na ngoma kwenye simu, kwa ufunguo wowote na mwendo wowote. Itumie kwa mazoezi. Usiende nayo kazini kama unaweza kuepuka, kwa sababu haikusikilizi.

Kuhusu kazi zenyewe, mambo ya hapa kwetu. Hoteli na mabustani mengi ya Kisumu yanaelekea ziwani, Dunga na huko Milimani chini, na mteja atataka ukae pale pazuri pa kupigia picha, yaani penye upepo. Beba vibanio vya nguo kama unatumia karatasi. Jioni wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa, na wakija ni wingu zima: taa ya kusomea nota ikiwa juu ya kibodi, watajaa kwenye vitufe na kwenye kola ya shati lako. Omba taa iwekwe mbali kidogo na wewe, pembeni. Ukizijua nyimbo zako bila karatasi, unaweza kuizima kabisa.

Stima nayo. Kama kibodi yako ni ndogo na ina mahali pa betri, iwe na betri mpya ndani hata kama umechomeka ukutani. Nyingi kati ya hizi tunazotumia zinachukua betri sita za AA na zina spika zake ndogo, kwa hiyo stima ikikatika unaendelea kwa sauti ya chini mpaka jenereta iwake, na watu huikumbuka dakika ile kuliko usiku wote. Kibodi ya vitufe 61 ina urefu wa karibu mita moja, inaingia kwenye tuktuk nawe ukikaa vizuri. Ile ya vitufe 88 vizito inapita mita moja na thelathini, na uzito wake mara nyingi ni kilo 11 kwenda juu. Ni nzuri kwa mikono yako nyumbani, lakini weka gharama ya teksi kwenye bei kabla hujakubali kazi.

Bei yenyewe ipatanisheni mapema, kwa ujumbe wa maandishi, siyo kwa maneno ya kwenye simu tu: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, chakula, nauli, na nani analeta spika. Omba nusu kwa M-Pesa siku chache kabla. Anayesita kutuma nusu hatakuwa mwepesi zaidi usiku wa manane wakati meneja ameshaenda nyumbani.

Na atakuja mtu. Kila kazi atakuja, mara nyingi mzee mwenye heshima zake, atakuinamia na kusema, "Omera, hii ni nzuri, lakini benga unajua?" Jibu ni "Ndiyo, mzee." Benga ni muziki wa gitaa wa Waluo, na masikio ya hapa yamekuzwa na bendi zake, D.O. Misiani na Shirati Jazz, na Victoria Jazz, na pia rumba ya Franco kutoka ng'ambo ya Kongo. Watu wa hapa wanasikiliza besi na gitaa kabla hawajasikiliza kitu kingine. Jifunze nyimbo mbili au tatu za kwao uwe nazo tayari, na uzipige kwa heshima ileile uliyowapa Wamarekani. Sioni kwamba hapo umeiacha jazi. Nat King Cole mwenyewe aliunda kundi la watu watatu mwaka 1937, piano, gitaa na besi, bila ngoma, na muundo huo unatufaa sana Kisumu, ambako seti nzima ya ngoma ni shida kuibeba na hoteli huogopa kelele.

Wapiga gitaa na besi tunao tele. Waendee wale wanaopiga benga wikendi na makanisani, usingoje mtu "wa jazi". Wengi hawasomi nota, lakini mwambie mpiga besi "re, so, do, fa, ti, mi, la" na umwonyeshe do iko wapi, ataushika mwanzo wa Autumn Leaves jioni hiyohiyo. Mwache kwanza apige nota mbili tu kwa kila kipimo, kwenye pigo la kwanza na la tatu. Mpiga gitaa umwombe asipige kordi wakati wewe unazipiga: mpeane zamu, mzunguko wake na mzunguko wako. Mpiga besi akishatulia, aongeze nota za kupitia kati ya mzizi mmoja na mwingine mpaka mapigo yote manne yatembee, nawe uache kupiga mzizi kwa mkono wa kushoto, umwachie yeye sehemu yote ya chini.