Nukta ya i imeenda wapi?

Shikamoo fundi. Mteja kanitumia nembo ya duka lake kwa WhatsApp, anataka bango. Nikiitresi, yaani kuigeuza mchoro wa mistari, kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, inatoka imejaa vidoti kama upele. Nakosea wapi? (Mbagala)

Marahaba. Hujakosea, picha ndiyo imefika ikiwa hoi. WhatsApp huibana, na pembeni mwa kila herufi hubaki vumbi la kijivu usiloliona mpaka uvute karibu. Mwambie aitume kama dokumenti, si kama picha. Akisema hana nyingine, na wengi husema hivyo, isafishe wewe. Anayetresi ndani ya Inkscape ni Potrace, programu ya Peter Selinger iliyotoka 2001, nayo inajua nyeusi na nyeupe tu. Kijivu lazima kiamuliwe kiende upande gani: shusha kizingiti cha mwanga kidogo kidogo mpaka vumbi lihesabiwe kuwa jeupe. Vidoti vitakavyosalia vichuje kwa ukubwa. Potrace yenyewe, usipoigusa, hutupa vya pikseli (vitone vya picha) 2 kushuka chini. Pupa hapo ni hasara. Niliwahi kupandisha mpaka 100, bango la viatu likapanda ukutani Kariakoo, nukta ya i haipo. Mwenye duka aliiona kabla sijashuka ngazi.

Kona za herufi zinatoka mviringo kama sabuni iliyokwisha. Kuna dawa? (Sinza)

Ipo. Potrace kwanza huzungushia umbo mistari iliyonyooka, kisha kwenye kila pembe huamua: hii ni kona, au ni mkunjo? Unaielekeza kwa namba ya ulaini. Kwenye 0 kila kitu ni kona. Ukifika kama 1.33 hakuna kona inayobaki. Usipoigusa, huwa 1. Kwa herufi nene za stika za daladala mimi huanzia 0.6, kwa mwandiko wa mkono namba hiyo siigusi. Hiyo mikunjo huitwa ya Bézier, hesabu iliyokuzwa na watu wa Renault na Citroën huko Ufaransa ili wachore bodi za magari. Kwa hiyo stika ya nyuma ya Coaster imerudi kwao.

Nataka picha ya marehemu babu iwe vekta, yaani mchoro wa mistari, kwa ajili ya fulana za arobaini. (Temeke)

Pole sana. Usiitresi. Uso una vivuli vingi mno. Utapata maelfu ya nodi, vile vituo vinavyoshika mistari, kompyuta ikwame, na babu atoke katuni. Iskani upya kwa ubora mkubwa, ichapwe kama picha.

Mchoro wangu ni wa mistari mitupu, lakini mashine ya kukata stika inapita kila mstari mara mbili. Imeharibika? (Mwenge)

Mashine ni nzima. Potrace hufuata ukingo wa weusi, na mstari una kingo mbili. Inkscape tangu toleo la 1.0 la mwaka 2020 ina njia ya kufuata katikati ya mstari, kazi ya AutoTrace, programu nyingine ya kutresi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha stika kilichobaki, maana mistari inapokutana hupenda kuyumba.