Kabla ya kumtagi mtu, piga hodi

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio ulionidanganya. Ilikuwa asubuhi ya bamvua, maji ya Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, yametoka mpaka mbali, na mama mmoja wa kikundi chetu cha mwani ameinama shambani akifunga vipande vya mwani kwenye kamba. Jua lilikuwa bado changa. Vidole vyake vimeshika kifundo kidogo cha uzi, na nyuma yake vijiti vya mashamba vimejipanga hadi macho yanapoishia. Mimi niliona mwanga na vidole. Sikuuona mtandio uliomteleza begani, wala kanga iliyorowa ikamganda mwilini.

Nikaiweka Facebook, kwenye akaunti yangu ninayotumia kutangazia kazi za kikundi. Nikagusa uso wake, nikachagua jina lake, yaani nikamtagi, nikaposti. Nilidhani namheshimu: mlimaji ni yeye, si mimi, basi jina lake lionekane. Kabla ya Magharibi picha ile ilishafika kwenye ukurasa wake mwenyewe, na kutoka hapo kwa jamaa za mumewe kule Chake Chake, Pemba. Wifi yake akampigia simu. Usiku mama mwenyewe akanipigia mimi. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, picha nzuri. Lakini ungeniuliza."

Niliiondoa tagi, kisha nikaifuta picha yote, na kesho yake nikapanda daladala kwenda kumtaka radhi uso kwa uso. Kazi yangu ni kuwatangazia wajasiriamali wadogo wa Unguja mtandaoni: wenye sabuni za mwani, mafuta ya karafuu, nyumba za wageni Mji Mkongwe. Kila siku natagi watu. Na tangu siku ile nimeiona tagi kuwa ni hodi. Sisi kwetu mtu hukaa pembeni ya mlango, akaita hodi, akasubiri karibu. Akiita mara tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka bila kinyongo. Kumtagi mtu ni kumwita kwa jina mbele za watu, pengine watu asiowajua, na mara nyingine ni kuwaingiza wageni wako wote ndani ya nyumba yake.

Hili la kuingia nyumbani si mfano tu, ndivyo mitandao inavyofanya kazi. Ukimtagi mtu ndani ya picha Facebook, marafiki zake nao huweza kuiona. Instagram, jina ukiliandika kwenye maelezo, mwenyewe hupata taarifa na basi. Lakini ukimtagi juu ya picha yenyewe, picha ile huingia kwenye ile sehemu ya profaili yake inayokusanya picha alizotagiwa, na mteja wake au bosi wake akipita ataikuta hapo. Wengi hawajui tofauti hii. Wanaona yote ni @ na jina. Mimi siku hizi, kama sina uhakika, naandika jina kwenye maelezo na picha naiacha bila tagi.

Wapo waliokwishafunga mlango wao wenyewe: wameweka mpangilio kwamba tagi yoyote isubiri waikubali kwanza. Ukimtagi mtu wa namna hiyo na picha isionekane kwake, usimwandikie kumuuliza kwa nini. Ameshakujibu.

Sasa kuuliza. Kuuliza hakuchukui dakika mbili, na mimi naona ndiyo kazi yote. Mengine ni ufundi wa kubonyeza. Namtumia mtu picha na maneno yote nitakayoandika, WhatsApp, siku moja kabla. Naandika hivi: "Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Kesho nataka kuweka picha hii na maneno haya. Nikutagi, nikutaje kwa jina tu, au nisikutaje?" Nampa njia tatu kwa makusudi. Ukimuuliza mtu wa kwetu "nikutagi?" peke yake, atakwambia ndiyo kwa haya, hata kama moyoni hataki. Ukimpa tatu, anachagua kwa raha. Na faida nyingine sikuitegemea: watu hunisahihisha. Mara moja niliandika kwamba kikundi kinalima mwani wa aina ya kottonii, yule niliyemuuliza akanirudishia sauti: "Hapana, sisi tunalima spinosamu. Kottonii haistahimili joto la maji ya hapa, ingawa ndiyo yenye bei." Ningeposti kosa lile mbele ya wanunuzi wanaozijua aina zote mbili, na jina lake likiwa pembeni ya kosa langu.

Kosa langu la pili lilikuwa la aina nyingine, na naliona kwa vijana wengi wanaoanza biashara. Tulipotoa sabuni ya mwani na mdalasini kwa mara ya kwanza, nilijaza tagi mpaka Instagram ikanizuia. Mwisho wake ni watu 20 kwa posti. Niliweka hoteli za pwani ya mashariki, waongoza watalii, watu wenye wafuasi wengi Dar es Salaam, mpaka tamasha ambalo hatukuwa na hata meza pale. Nilitaka waione. Siku ya pili meneja wa hoteli moja akaniandikia kwa adabu kabisa: "Naomba uondoe jina letu. Wageni wanauliza wapi sabuni hizi, nasi hatujawahi kuzinunua."

Alikuwa na haki. Msomaji akiona jina la hoteli chini ya sabuni yangu, anaelewa kwamba hoteli ile inanijua, inanunua kwangu, imeikubali kazi yangu. Tagi ni ushahidi. Nilikuwa nimewaita watu ishirini waje kunitolea ushahidi wa jambo wasilolijua. Nikiitazama leo posti ile naona aibu kuliko ya picha ya Paje, maana ile ya Paje niliikosea kwa kutojua, lakini hii nilijua kabisa kwamba hoteli zile si wateja wetu.

Kwa hiyo kigezo changu ni kimoja: mkono wake umo? Kama mtu ameshika sehemu ya kazi hii, ana pa kuwepo. Kama ningependa tu aione, nitamwandikia faraghani, nijitambulishe, nimwambie nauza nini. Ukiuza kitu mjini wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa Februari, huna sababu ya kulitagi tamasha, ila kama uliuza ndani ya viwanja vyao kwa mpango wao. Wizara na mashirika ni hivyo hivyo. Kama walikufundisha, sema walikufundisha nini. Kama hawakufanya kitu, waache.

Posti iliyotuletea biashara ilikuwa na tagi mbili tu. Moja ya dada aliyetufundisha kiasi cha mafuta ya karafuu, na ya pili ya fundi seremala wa mjini aliyetuchongea kalibu za sabuni. Niliandika kwamba kalibu za mwanzo zilikuwa na kona kali, sabuni zikivunjika tukizitoa, fundi akazirudisha kazini na kuzilainisha kona kwa msasa. Basi. Sikuandika "shukrani za dhati kwa fundi wetu mahiri." Niliandika kona na msasa. Yule fundi akaingia kwenye maoni akaeleza kwa nini alichagua mti ule na si mwengine, watu wakamuuliza, akawajibu. Mwenye nyumba moja ya wageni hakuwa mfuasi wetu, alikuwa anamfuata fundi kwa sababu ya milango yake. Kupitia maneno ya fundi akaziona sabuni, akaagiza za vyumba vyake vyote.

Mtu huitika hodi akiwa na la kusema. Ukimtagi kwa sifa tupu, atakuwekea moyo mwekundu akapita, maana sifa haijibiki. Ukimtagi kwa jambo alilolifanya kwa mikono yake, ana hadithi, na hadithi yake ndiyo itakayowaleta watu wake.

Hata LinkedIn, ambako watu huvaa suti kwa maneno, ni hivyo hivyo. Kijana mmoja wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, aliyemaliza mafunzo ya vitendo aliniletea posti yake niitazame. Aliandika, "Nawashukuru wote walionishika mkono katika safari hii," kisha majina manane yamepangana kama orodha ya waliohudhuria. Nikamuuliza: nani alikaa na wewe? Akafikiri, akamtaja mmoja. Tukaandika upya: "Maalim alinirudishia ripoti yangu mara tatu. Mara ya tatu akanionesha kwamba jedwali la bei, nililoliweka ukurasa wa mwisho, ndilo lililotakiwa kuwa mwanzo." Wale saba wengine aliwaandikia ujumbe wa shukrani mmoja mmoja. Maalim alijibu kwa aya nzima, mbele za watu, akieleza alivyomuona kijana yule akifanya kazi. Barua ya pendekezo haisomwi na watu wengi kiasi kile.

Kuna mambo madogo ya kiufundi yanayoharibu kazi nzuri. Ukiandika @ na herufi za mwanzo, lazima uchague jina kwenye orodha inayoshuka. Ukilimalizia mwenyewe kwa mkono, mara nyingi linabaki maandishi tu, mtu hapati taarifa. Angalia limebadilika rangi au limekoza. Visiwani petu majina yanafanana mno: andika Mohammed Ali au Fatma Juma uone wangapi wanakuja. Fungua profaili, tazama picha, tazama kazi, ndipo uchague. Niliwahi kumshukuru mwalimu wa skuli ya Wete kwa kazi ya mpishi wa Nungwi, na wote wawili wakabaki wanashangaa.

LinkedIn huleta jina lote, lakini baada ya kulichagua unaweza kufuta la ukoo kwa kurudi nyuma, likabaki la kwanza peke yake na tagi isikatike. Hapo sasa tanguliza heshima yake: Bi, Maalim, Mzee, Dokta. Naomba hili lisipuuzwe. Mtandao unamwita kila mtu kwa jina kavu, lakini mtoto wa kwetu hamwiti mtu mzima jina kavu hadharani, na wanaosoma wanaona.

Kati ya taasisi na mtu, tagi yupi? Kama unamshukuru mtu, mtagi mtu. Ukurasa wa taasisi mara nyingi unashikwa na kijana mmoja ofisini asiyejua habari yako. Na kama kazi mmefanya wawili nusu kwa nusu, Instagram tangu 2021 ina njia ya kuposti kwa pamoja: unamwalika mwenzio, akikubali, posti moja inakaa kwenye kurasa zenu zote mbili kwa majina mawili. Hiyo ni bora kuliko tagi, na kwa vile lazima akubali, hodi imo ndani yake.

Wakati nao una maana. Unamwita mtu, basi mwite akiwa anaweza kuitika. Wakulima wa mwani siwatagi asubuhi za bamvua maji yakitoka, kwa sababu wako shambani na simu ziko nyumbani. Nangoja maji yajae. Ijumaa mchana siposti kitu chenye jina la mtu. Ramadhani nangoja baada ya tarawehe, watu wameshafuturu, wamekaa, simu mkononi. Aliyetagiwa akichelewa kujibu, wageni wanakuta swali aliloulizwa limening'inia na yeye kimya, na hilo linamuumbua yeye, si wewe.

Akijibu, mjibu. Asipojibu, mwache. Mtu ambaye nimemtagi mara tatu kwa kazi halali na hakuitika hata mara moja, simtagi tena, wala simuulizi. Na ukitagiwa wewe mahali usipopapenda, iondoe tagi mwenyewe kimya kimya, mitandao hii inaruhusu, kisha mwandikie aliyekutagi faraghani. Usimwambie kwenye maoni.

Yule mama wa Paje hakununa. Nimeendelea kumpelekea picha kabla, na kwa muda mrefu jibu lake lilikuwa moja, "Nitaje tu, usinitagi," nami nikafanya hivyo. Mwezi uliopita nilimtumia picha tano. Ya nne ilikuwa ya mikono yake peke yake, mikavu, ina chumvi kwenye mikunjo, imeshika mwani uliokaushwa. Sauti yake ilirudi baada ya Isha, nyuma yake wajukuu wanapiga kelele.

"Hii ya mikono nitagi. Na uandike kwamba kilimo hiki kilipoanza hapa Paje 1989, mimi nilikuwa katika wa mwanzo kuingia majini, kabla wewe hujazaliwa."