Maswali ya Darubini: Acheni Kukimbilia Namba Kubwa

Julai msimu wa uwindaji unafunguliwa, na maswali mengi niliyoletewa ni ya darubini za bei nafuu.

Nimeona Kariakoo darubini ya 30x60 inayokunjwa mpaka inaingia mfukoni. Inafaa kwa nyati? (Tabata)

Haifai. Hili nimelijibu mara nyingi mno na bado linarudi lile lile. Darubini ya mfukoni haiwezi kuwa na vioo vya mbele vya milimita 60. Chukua rula, pima kabla hujatoa hela. Na hata kama kweli ingekuza mara 30, mkono wa mtu unatetemeka, na mtetemo nao unakuzwa mara 30. Ukizidi mara 10, andaa mguu wa kusimamishia.

Porini unachonunua ni mwanga. Gawanya namba ya pili (upana wa kioo cha mbele) kwa ya kwanza (inakuza mara ngapi): 8x42 inakupa duara la mwanga linalofika jichoni la milimita 5.25, 10x42 inakupa 4.2, na 10x25 inakupa 2.5 tu. Nyati akisimama kwenye kivuli cha miombo alfajiri, hiyo ya mwisho itakuonyesha weusi mtupu.

8x42 au 10x42? (Kigamboni)

Vichakani na kwenye miombo, 8. Mbuga ya wazi, 10. Kama hela inatosha moja tu, 8.

Zenye vioo vyekundu ndizo za usiku? (Mbagala)

Hapana. Wekundu ule ni mwanga unaorudishwa nje badala ya kufika jichoni. Na wewe unayetafuta darubini ya usiku, kuwinda usiku ni kosa kisheria.

Bajeti yangu ni ya mtumba. Nikague nini? (Ubungo)

Hili ndilo swali la mtu makini. Kwa hela ndogo tafuta zile za umbo la zamani, zenye mabega, ambazo vioo vya mbele vimeachana kuliko vya machoni. Zenye mirija iliyonyooka zinadai ufundi wa hali ya juu, na ufundi huo haupatikani kwa bei ya chini.

Toka nayo nje ya duka. Tazama bango la mbali kwa macho yote mawili. Maandishi yakionekana mawili mawili, irudishe, maana vioo vimehama na kichwa kitakuuma ndani ya nusu saa. Kisha inyooshe mbele yako urefu wa mkono, uielekeze angani, mbali kabisa na jua. Duara la mwanga liwe duara kweli. Likikatwa kingo likawa kama mraba, prizimu zake, vile vioo vya ndani vinavyopindisha mwanga, ni za kioo duni. Mwisho mulika ndani kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, na kwa unyevu wa Dar itaendelea kukua.

Ukipata nzima, usiifungie kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Bunduki yangu ina skopu, darubini ya kulengea. Darubini ya nini tena? (Tegeta)

Ndugu yangu, kila unachokitazama kwa skopu umekielekezea mtutu. Kile unachodhani ni mgongo wa kongoni kinaweza kuwa mrina asali aliyeinama mzingani, au trakka wako, msoma nyayo, aliyetangulia. Nimekaa na mtu aliyenyanyua bunduki "kuangalia tu", na pale kichakani palikuwa na mama akifunga mzigo wa kuni. Tulirudi garini bila kusemezana.

Halafu kuna kazi ya kuchagua. Dume la nyati lililokomaa pembe zake zimekuwa ngumu na kufunika paji lote. Dume changa bado lina ulaini katikati. Simba anayeruhusiwa ni dume la miaka sita na kuendelea. Hayo yanataka dakika nyingi za kutazama bila haraka, bunduki ikining'inia begani.

Jicho la kulia linaona ukungu, la kushoto safi. Ni mbovu? (Kimara)

Si mbovu. Fumba la kulia, lenga kwa gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione vizuri. Kisha fumba la kushoto, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia. Weka alama ya rangi hapo.