14 na 15 zikipishana mwishoni

Unauliza kama ulikosea hatua, maana kwenye programu ya fumbo 14 na 15 zimebaki zimepishana mwishoni. Hapana, hukukosea hatua yoyote. Kwenye fumbo la vigae 15 (fremu ya 4 kwa 4 yenye vigae vya namba 1 hadi 15 na nafasi moja tupu ya kusogezea, uvipange kwa mfuatano), zikibaki 14 na 15 tu zimepishana huku nafasi tupu iko pembe ya chini kulia, halitatuliki hata usogeze mwaka mzima. Wanahisabati Johnson na Story walilithibitisha kihisabati mwaka 1879: nusu kamili ya mipangilio yote haifiki kwenye jibu. Kosa ni la programu iliyomwaga namba ovyo, badala ya kuanza na mpangilio sahihi na kusogeza vigae kutoka hapo.

Kagua kabla hujaanza. Peleka nafasi tupu pembe ya chini kulia, kisha soma namba mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia. Kwa kila namba, hesabu ni ngapi zinazoifuata zilizo ndogo kuliko yenyewe. Jumlisha zote. Jumla ikiwa shufwa, cheza. Ikiwa witiri, bonyeza uchanganye upya. Hapo kwako ni 15 mbele ya 14 tu, jumla 1, yaani witiri. Nafasi tupu usiihesabu, hapo ndipo hesabu huharibika.

Vigae vya picha ni habari nyingine. Vikiwapo viwili vinavyofanana kabisa, tuseme vya anga tupu ya buluu, huenda umeviweka kinyume bila kujua. Vipishane hivyo viwili, na vile vya mwisho vitakaa sawa.