Kupiga Picha za Ziwa na Matuta ya Mchanga Mwanga Usipokuwa wa Kawaida

Mahali ambapo ziwa limepakana na matuta ya mchanga, mpigapicha huwa na kazi mbili ndani ya fremu moja. Mchanga hupata umbo kutokana na upande unakotoka mwanga, ilhali maji tulivu hupata rangi kutoka kwa kile yanachokiakisi, iwe anga au tuta la ng'ambo. Kila ninapokutana na mwanga wa ajabu, uwe wa vumbi, wa mbalamwezi au wa jua lililokwisha kuzama, hujiuliza kwanza unaufanyia nini mchanga, kisha unayafanyia nini maji, na mara nyingi majibu hayo mawili hayafanani.

Upande wa tuta unaoukabili upepo huinuka polepole, lakini upande wa pili hushuka kwa mwinamo wa nyuzi 34 hivi, ambao ndio mkali kuliko yote ambayo mchanga mkavu unaweza kuhimili bila kuporomoka. Kwa hiyo jua likiwa nyuma ya tuta na chini ya nyuzi hizo, uso wote wa mporomoko huwa kivulini, na ukingo wa juu huwa mstari mkali kati ya nuru na giza. Viwimbi vidogo vya mchanga vilivyo miguuni pako havina subira hiyo: jua likipanda kidogo tu, vivuli vyake hupotea hata kama tuta lenyewe bado lina umbo zuri. Ndiyo maana asubuhi mimi huanza na viwimbi, nikishaamua nitapita wapi, kwa kuwa nyayo zikishaingia ndani ya fremu hakuna wa kuzifuta isipokuwa upepo.

Vumbi likitanda angani vivuli hufifia, na wengi hufunga mikoba yao wakaondoka. Nadhani wanaondoka mapema mno. Katika hali hiyo matuta hujipanga kwa matabaka, kila la nyuma likiwa limefifia kuliko la mbele, na lenzi ya milimita 100 hadi 200, inayovuta vitu vya mbali, huyabana matabaka hayo vizuri, huku ziwa likibaki utepe mweupe unaokaribia kuungana na anga. Ifunge lenzi hiyo kwenye kamera kabla ya kufika mchangani, kwa sababu punje moja ikiingia kwenye pete ya kufokasi utaisikia ikikwaruza kila unapoizungusha.

Jua likishazama, lipe mgongo. Upande wa mashariki, anga ikiwa safi, utaona ukanda wa buluu iliyokolea ukipanda kutoka upeo wa macho, ambao ni kivuli cha dunia yenyewe, na juu yake ukanda wa waridi. Maji yaliyo mbele yako yatazichukua rangi zote mbili. Mchanga mweupe wa madini ya kwazi (quartz), kama ule wa Lençóis Maranhenses nchini Brazili, ambako mvua hujaza mabwawa kati ya matuta, nao hupokea rangi ya anga; mchanga mwekundu wa jangwa la Namib, unaopata rangi yake kutokana na oksidi ya chuma, haukubali kwa urahisi hivyo. Weka mizani ya rangi ya kamera (white balance) kwenye kelvini 5,500 hivi, yaani kipimo cha mwanga wa mchana, kwa maana ukiiachia kamera ichague yenyewe inaweza kuufuta uwaridi huo. Mchanga mweupe ukijaza sehemu kubwa ya fremu, ongeza mwanga kwa stopu moja, yaani mara mbili, la sivyo utatoka wa kijivu.

Kuhusu taswira iliyo majini, kumbuka kwamba huwa na giza kidogo kuliko anga yenyewe, na picha ambayo maji yameng'aa kuliko anga huonekana ya uongo hata kwa mtazamaji asiyejua sababu. Filta ya polaraizi, inayopunguza mwanga unaoakisiwa, itumie kwa uangalifu, kwani unapoyatazama maji kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake, inaweza kuifuta kabisa taswira uliyoifuata.

Mbalamwezi ni mwanga wa jua uleule uliogonga mwezi, ila ni hafifu kwa takriban mara 400,000. Mwezi mpevu ukiwa juu, huanza na f/4 (ukubwa wa tundu la lenzi), sekunde 30 na ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kisha hupunguza mwanga makusudi, kwa sababu picha iliyoangazwa kikamilifu hufanana mno na ya mchana. Ukiwa utosini, mwezi huyafanya matuta yawe bapa kama jua la adhuhuri. Afadhali mwezi uwe bado chini, hata kama itabidi kuongeza sekunde.

Wanaofikiria kupatwa kwa jua kwa tarehe 2 Agosti 2027, ambako njia yake inapita katika jangwa la Afrika Kaskazini, ikiwemo oasisi ya Siwa nchini Misri yenye maziwa ya chumvi na matuta, wajue kwamba jua likifunikwa kabisa upeo wa macho hung'aa rangi ya machungwa pande zote. Mwanga hautoki upande mmoja, hivyo matuta hupoteza umbo, na ziwa ndilo litakaloibeba picha. Ningechagua lenzi pana, ningeshusha kamera karibu na maji, na filta ya jua ningeiondoa pale tu jua lilipofunikwa lote, niirudishe mara ukingo wake unapochomoza.