Ndoto Kali za Alfajiri: Wasomaji Wauliza, Tunajibu

SWALI: Habari zenu wahariri. Marehemu mama yangu hunijia ndotoni karibu kila alfajiri akiniomba maji. Namwona wazi hadi pindo la leso yake lililochanika. Nikiamka nabaki na ile ndoto kutwa nzima, hata sokoni narudisha chenji vibaya. Kuna mtu ameahidi kunifasiria kwa shilingi 3,000. Ndoto ya wazi hivi inakosaje ujumbe? Ilianza mwezi ule niliopewa propranolol kwa ajili ya presha. (Mama wa Kondele, Kisumu)

JIBU: Pole sana mama. Tuanze na hilo ulilolitaja mwishoni. Propranolol ni mojawapo ya dawa zinazojulikana kuleta ndoto kali na za kutisha. Usiiache ghafla, maana moyo unaweza kuanza kwenda mbio na presha ikapanda. Rudi kliniki, mweleze daktari ndoto zilianza lini, umuulize kama kuna dawa nyingine inayokufaa.

Sasa huo uwazi wenyewe. Usingizi wa usiku huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi ambacho macho ya aliyelala hukimbia huku na huku chini ya kope. Ukimwamsha hapo, mara nyingi atakusimulia ndoto. Mwanzoni mwa usiku kipindi hicho huchukua dakika chache tu. Kuelekea asubuhi hurefuka, kikafika nusu saa au zaidi. Anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi soko basi huamka katikati ya ndoto, ikiwa bado mbichi. Isitoshe, wakati huo amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu na hisia nzito, inafanya kazi kwa nguvu, na sehemu ya mbele ya kupima mambo imelegea. Huzuni inakuja yote, na hakuna wa kuuliza, "Kwani mama si tulimzika?" Uwazi wa ndoto unakuonyesha umeamka saa ngapi na moyo umebeba nini. Haupimi ukweli wa ujumbe.

Lakini hatusemi uitupe. Weka daftari na kalamu kando ya mto. Ukiamka usigeuke wala usiguse simu. Tulia macho yakiwa yamefumbwa kama dakika moja, ushike tukio la mwisho kisha urudi nyuma hadi la kwanza. Ndipo uandike, kabla hata ya kunawa uso, kwa sababu ndoto hufutika ndani ya dakika chache. Andika tarehe, mahali, waliokuwepo, na hisia uliyokuwa nayo mle ndotoni. Chini yake andika yaliyotokea jana, na yale ya siku 5 hadi 7 zilizopita, kwani mambo ya wiki iliyopita hupenda kuchelewa kuingia ndotoni. Wengi hukosea hapa: huhangaika na kitu (maji, nyoka, jino) wakaisahau hisia. Baada ya wiki mbili soma safu ya hisia peke yake. Ukikuta "nimechelewa kumsaidia" mara nyingi, jiulize ni wapi maishani mwako unahisi hivyo, iwe kwa marehemu au kwa aliye hai. Mara nyingi jibu huwa hapo.

Na ikiwa mmelelewa kwa desturi za Kiluo, mnajua marehemu akimjia mtu ndotoni huchukuliwa kwa uzito, hasa mtoto anapotafutiwa jina la juogi, yaani la roho ya marehemu. Hilo lizungumze na wakubwa wa nyumba yenu. Huyo wa 3,000 hakumjua mama yako.

SWALI: Mimi huvua omena usiku, hapa Dunga. Nikirudi asubuhi nikajilaza tu, ndoto zinaanza papo hapo, tena za ajabu. Wenzangu wanasema ziwa linanidai. Nikipiga glasi mbili napata usingizi, lakini baadaye ndoto zinarudi mbaya zaidi. (Mvuvi)

JIBU: Ndugu yetu, ziwa halikudai. Saa ya mwili huelekea zaidi kwenye ndoto asubuhi, joto la mwili linapoanza kupanda kutoka kiwango chake cha chini. Anayelala saa 1 asubuhi huingia kwenye ndoto mapema kuliko anayelala saa 4 usiku. Juu ya hayo kuna mwanga, joto la mabati na kelele za watoto: kila ukishtuka unaikamata ndoto ambayo ungelala ukaipita.

Pombe nayo huzuia kipindi cha ndoto katika saa za kwanza, kisha ikiisha mwilini kipindi hicho hurudi kwa kishindo na usingizi hukatikakatika. Acha angalau saa nne kati ya glasi ya mwisho na kulala. Kama unakunywa sana kila siku, punguza kwa msaada wa daktari, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Funika dirisha kwa kitambaa kizito cheusi, na ulale dakika 90 jioni kabla ya kuingia ziwani. Kuna na jambo ambalo wavuvi husahau: siku za mbalamwezi, omena wasipovutwa na taa, mnakaa nchi kavu na kulala usiku mzima. Giza likirudi mwili unaanza upya. Siku hizo lala kuchelewa, saa 8 usiku hivi, mwili usivurugike mara mbili kwa mwezi.

SWALI: Mimi ni utingo wa lori. Mwaka jana nilishuhudia ajali Salgaa. Mpaka leo naota lori letu limekatika breki kwenye mteremko, naamka nimelowa jasho. Sasa naogopa kulala. (Utingo, Nakuru)

JIBU: Hili lina tiba, kijana wetu, na haihitaji kujua ndoto ina maana gani. Unaiandika ndoto upya ukiwa macho, kisha unaifanyia mazoezi.

Usianze na ndoto iliyo mbaya kuliko zote. Chukua ya wastani, uiandike kwa ufupi. Halafu ibadilishe popote upendapo: barabara inapanda badala ya kushuka, au mmesimama mnakunywa chai. Si lazima mabadiliko yawe na akili. Yawe yako tu. Kila siku, mchana, ukiwa umeketi mbali na kitanda, fumba macho uipitie ile mpya kwa dakika 10 hadi 20, ukiona rangi na kusikia sauti. Ukishaizoea, baada ya siku kadhaa, ndipo ushike ndoto nyingine.

Inaposhindikana, sababu huwa hizi: mtu anarudiarudia ile ya zamani akidhani anaizoea, au anabadilisha hadithi kila siku, au anaacha siku ya tatu. Ipe wiki kadhaa. Na kama ajali inakurudia hata mchana, unaikwepa barabara ile, au umefikiria kujidhuru, usingoje mazoezi haya. Nenda leo hospitali ya rufaa ya kaunti, uombe kuonana na mtu wa afya ya akili.

SWALI: Mzee wangu ana miaka 63. Usiku anapiga ngumi na mateke, anapayuka, eti anapigana na fisi. Juzi alinipasua mdomo. Je, ni jinamizi? (Mama, Njoro)

JIBU: Mama, hili mpeleke hospitali hata kama yeye mwenyewe analicheka. Kwa kawaida misuli ya mikono na miguu hulegezwa kabisa wakati wa ndoto, ndiyo maana hatukimbii tunapoota tunakimbia. Kizuizi hicho kikiharibika, mtu huitenda ndoto yake. Kwa wanaume waliopita miaka 50 huweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson, miaka kadhaa kabla mikono haijatetemeka. Baadhi ya dawa za sonona pia huleta hali hii. Omba rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Kwa sasa lala kitanda kingine. Ondoa panga, taa ya kioo na meza karibu naye, na utandike godoro sakafuni upande anaoangukia. Akianza, usimshike, mwite jina ukiwa mlangoni hadi aamke. Mrekodi kwa simu usiku mmoja, uende na video hiyo pamoja na pakiti za dawa zote anazotumia.